Vumbi la Godoro la Baba

Muuzaji wa mashine alipofika kwangu, mtaa wa Pioneer, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hilo ndilo jambo zuri la mwisho nitakalomsemea. Alikuwa na tai nyekundu na sanduku lenye magurudumu, na kabla sijamaliza kumuuliza yeye ni nani alikuwa tayari amesimama katikati ya kapeti yangu na soksi zake. "Madam, mimi ndiye wa demo," akasema. Demo gani? "Ya mashine ya kunyonya vumbi. Ndugu yako alituandikia."

Hapo nikajua. Kaka yangu mkubwa anaendesha malori ng'ambo, na ni miaka saba sasa hajakanyaga Eldoret. Mtu akikaa mbali hivyo anageuka kuwa daktari. Kila wiki ananitumia kitu: chai ya majani fulani, mazoezi ya kupumua, video ya mzungu akiimba na kuinua mikono. Safari hii alikuwa ameona tangazo la mashine, akawaandikia mahali tunapoishi na namba yangu ya simu, na mimi mwenye nyumba hakuniambia neno.

Yote ni kwa sababu ya kifua cha Baba. Baba anaishi nami tangu Mama alipofariki, na kifua chake ni kibovu. Si pumu ya kuzaliwa. Ni pamba. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa mjini, upande wa kusokota nyuzi, tangu ujana wake hadi siku walipoachishwa kazi wote. Daktari wa hospitali ya misheni kule Plateau alituonyesha picha ya mapafu yake, akasema kilichoharibika hakirudi, kazi yetu sasa ni kulinda kile kidogo kilichobaki. Avute inhela asubuhi na jioni. Moshi hapana. Vumbi hapana.

Vumbi hapana! Huyo daktari aje akae Pioneer mwezi wa Januari, bodaboda zikipita kwa barabara ya marram isiyo na lami mbele ya dirisha lako kuanzia alfajiri. Lakini nilijitahidi. Kila siku napangusa madirisha na kitambaa chenye maji, napiga deki mara mbili, na kila Jumamosi natoa godoro la Baba juani nalipiga fimbo hadi majirani wanauliza limenikosea nini. Mtu asinifundishe usafi.

Sasa huyu akaomba aanzie hapo hapo, kwa kitanda cha Mzee. Nilipaswa kumkatalia. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Wacha aonyeshe, Mama." Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu, na akiniita hivyo mimi hukosa nguvu ya kubisha. Basi mgeni akatandua kitanda. Akatia kitambaa cheusi cha duara, kidogo kama sahani ya kikombe, ndani ya mdomo wa mashine, akapitisha juu ya godoro huku akihesabu hadi kumi, akafungua. Kitambaa kilikuwa kimefunikwa na unga wa kijivu. Akatia kingine. Akatia kingine tena. Akavibeba vyote hadi sebuleni, akavipanga kwa mstari juu ya kapeti, mbele ya kiti anachokalia Baba. Vilikuwa tisa.

"Madam," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "hii ndiyo Mzee amekuwa akivuta kila akilala."

Nilisikia masikio yakichemka. Kuonyeshwa uchafu wa kitanda cha baba yako, ndani ya nyumba yako, baba yako akiwa ameketi pale anatazama, ni kuvuliwa nguo. Nikamuuliza, "Kwa hivyo unasema mimi ni mchafu?"

"Si wewe, Madam. Ni ufagio."

Hilo jibu alifundishwa. Ilionekana wazi wamekaa mahali katika chumba wakafunzwa kwamba mwanamke akikasirika, laumu ufagio. Nilitamani kumchapa na huo ufagio ili awe na sababu ya kuulaumu. Lakini mgeni ni mgeni. Nikampa chai, na hadi leo naijutia ile chai, kwa sababu alikunywa vikombe viwili kabla ya kutaja bei, na bei yenyewe ilikuwa ya ng'ombe wawili wa gredi wanaokamuliwa. Halafu akaongeza kwamba ofa inaisha leo jioni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa amejitembeza hadi chumba cha kulala.

Nikampigia kaka yangu simu ya video nimpe maneno yake. Akashika mara moja, yuko ndani ya lori mahali fulani penye theluji, ameegesha anakula mkate. Hakuwa na aibu. Akasema yeye atalipa nusu na mimi nusu. Nusu yangu, alijua vizuri, ilikuwa pesa niliyoweka kwa muda mrefu ya kutengeneza chumba cha Baba: kupiga dari, maana vumbi la paa hushuka lote, na kuweka vigae tuondoe kapeti kabisa. Fundi alikuwa amekwisha kupima. Nikinunua mashine, dari hakuna.

"Fundi atangoja," kaka akasema.

"Wewe fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo uone hiki chumba kwanza."

"Hata ukiweka vigae, godoro je? Si umeona godoro?" Alikuwa ameonyeshwa vile vitambaa; muuzaji alikuwa ameinamisha kichwa chake karibu na changu ili aonekane kwa simu. Kisha kaka akasema, "Ama unataka Baba amalizike ndio uonekane wewe ndiye unayejua?"

 Nilikuwa na majibu kama kumi, yote machafu, na Baba alikuwa akisikia. Mimi ndiye ninayemshika mgongo akikohoa. Mimi ndiye najua ni hatua ngapi kutoka kwa kitanda hadi choo, na ni hatua ya ngapi huwa anasimama kushika ukuta. Huyu anakula mkate ndani ya lori ananiuliza kama nataka Baba amalizike.

Lakini nitasema ukweli, kwa sababu hasira haizuii mtu kufikiri. Neno lake liliniingia. Vile vitambaa tisa havikuwa uongo. Ule unga ulitoka kwa godoro nililolipiga fimbo Jumamosi iliyopita, na kila mara nilipofumba macho niliuona ukiingia kwa pua ya Baba. Vipi kama kweli ni huo unaommaliza? Vipi kama dari na vigae ni kiburi changu tu, ndio nishinde? Nikaweka simu juu ya meza, kaka akiwa bado hewani, nikaingia chumbani kutafuta kitambulisho changu. Nilikuwa nimeamua kutia sahihi ya kununua mashine. Nilikuwa naupekua mkoba nikilia kwa hasira, si huzuni, ieleweke.

Nilipotoka nilimkuta Baba ameshuka kwa kiti, amechuchumaa kando ya mashine, jambo ambalo halimfai, na amemfungulisha muuzaji kifuniko. Alikuwa akitazama ndani na kuuliza maswali. Mota yake ni ya nguvu gani? Hewa inatokea wapi? Hii mkanda ikikatika inapatikana mjini? Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akiuliza maswali mengi hivyo mfululizo.

"Kumbe Mzee ni fundi," muuzaji akasema, akifurahi.

"Hapana. Ni vile naijua," Baba akasema. "Kiwandani tulikuwa nayo. Kubwa, imening'inia kwa reli huko juu, na mabomba yake marefu yanafika hadi chini. Inatembea juu ya mashine za kusokota, inaenda inarudi, mchana kutwa. Ilikuwa ya kunyonya pamba isikae kwa nyuzi, maana nyuzi ikishika uchafu inakatika."

"Inanyonyea mashine," nikasema.

"Eeh. Mashine."

"Na watu?"

Baba akafikiri kidogo, kama mtu anayetaka kuwa wa haki. "Watu tulipewa maziwa," akasema. "Kila zamu, kila mtu pakiti moja. Walisema yanaosha kifua."

Muuzaji akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. Halafu akauliza, nadhani kwa adabu tu, "Na yalisaidia, Mzee?"

"Sijui," Baba akasema. "Sikuyanywa."

Nilikuwa nimesimama pale na kitambulisho mkononi. Zile pakiti za pembe tatu. Nilizijua kwa ngozi yangu. Baba alikuwa akizitoa kwa mfuko wa koti, zimepata joto la mwili wake, na mimi na kaka tulikuwa tukipigana ni nani atakata pembe na meno, maana aliyekata ndiye alianza kunywa. Siku nyingine kulikuwa na mbili, nafikiri mwenzake alimpa. Mama alikuwa akijaribu kuweka nyingine kwa chai na sisi tunalia. Maisha yetu yote tuliamini Baba alikuwa akipitia dukani. Tulijigamba kwa watoto wa jirani kwamba baba yetu hununua maziwa kila siku.

Kutoka kwa meza kaka yangu akasema, "Baba, hayo maziwa ndiyo yale?" Nilikuwa nimesahau yuko hewani.

"Ndiyo hayo," Baba akajibu kwa sauti ya juu kidogo, jinsi wazee huongea na simu.

 Nilichukua simu. Uso wake ulikuwa umejaa kioo chote na mkate haukuonekana tena. "Nunua," akaniambia. "Nunua hiyo kitu leo. Nitalipa yote, hata yako. Weka vigae na ununue."

Na hapo ndipo nilipokasirika kweli kweli. Yale ya kwanza yalikuwa mzaha. Nilikasirikia watu wenye kiwanda, ambao walijua vizuri kabisa jinsi ya kutoa pamba hewani, wakazinunulia nyuzi mashine ya kunyonya, na watu wakawapa kitu cha kunywa. Nilimkasirikia Baba kwa kuisimulia kama habari ya mvua. Nilimkasirikia kaka kwa kudhani kuna deni hapa ambalo mtu anaweza kulituma kwa simu. "Hatununui," nikamwambia. "Ukitaka kumlipa Baba, panda ndege. Usiniletee mashine ya kapeti." Nikakata.

Muuzaji hakubishana. Akafunga sanduku, akakusanya vitambaa vyake, akaniambia ofa naweza kuongezewa hadi kesho. Nikamwonyesha viatu vyake vilipo. Sisemi mashine yake ni mbaya. Labda inafanya kazi nzuri. Fundi alianza dari wiki iliyofuata, godoro tukalivika mfuko wa nailoni, na Baba anakohoa kidogo kuliko zamani, ama nataka kuamini hivyo.

Lakini jioni ile, mgeni akiwa ameondoka, hasira ilikuwa bado haijanitoka na mtu wa kuitolea alikuwa amebaki mmoja tu. Nilimletea Baba chai yake na nikaiweka kwa nguvu hadi ikamwagika kwa sahani.

"Ulijua vumbi ni mbaya," nikamwambia. "Ulikuwa unaamini hayo maziwa yanasaidia?"

"Tuliamini sisi wote. Kuna wenye walikuwa wakiyanywa wakiwa wamepiga magoti."

"Sasa mbona hukuyanywa? Kifua ni chako. Ungekunywa hata nusu."

Alikunywa chai kwanza. Baba hunywa polepole siku hizi, anameza, anapumua, anameza tena, na lazima mtu amngoje. Nilimngoja nikiwa nimekunja mikono. Nilikuwa tayari kwa lolote atakalosema, nimgombeze juu yake.

"Siku ya kwanza niliifungua pakiti," akasema. "Nikanywa yote hapo hapo kwa mlango wa zamu. Nikafika nyumbani, mkanipekua mifuko, haikuwa na kitu."