Nilivyoitwa mtu wa usalama kwa kumfunulia kurasa mpiga piano, Kigali

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Hii si chai. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika, nikitia chumvi atanisuta papo hapo.

Ilikuwa Kigali, vita vya mpakani ndiyo kwanza vimeanza. Watu walikuwa wanakamatwa, wanaitwa ibyitso, yaani washirika wa adui. Jirani akikusalimia unajiuliza anatafuta nini. Asipokusalimia, usingizi unakata kabisa.

Mimi nilikuwa nauza vitambaa mtaa wa Biryogo, na nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Shabani, fundi cherehani, nikimtaka binti yake Zubeda. Mzee alikuwa bado hajajibu. Kijana wake Idi alikuwa amechukuliwa na yuko gerezani, na mzee aliamini kuna mtu wa karibu aliyemchongea. Hakumjua ni nani, kwa hiyo akamshuku kila mtu.

Sasa, ugonjwa wangu ulikuwa konseti. Nilisoma shule ya mapadri, huko nikajifunza nota, nikanogewa. Mjini kulikuwa na ukumbi ambako okestra za wageni zilikuja, na kondakta wa kualikwa (yule wa kijiti, si wa tiketi), na mpiga piano wake. Zilipigwa mchana kwa sababu usiku ilikuwa marufuku kutoka. Mimi sikosi.

Siku moja mpiga piano alikuwa mama mmoja wa Kizungu, na msaidizi wake alikwama kwenye kizuizi cha barabarani. Wakauliza ukumbini nani anasoma nota. Nikanyoosha mkono, serious kabisa.

Kwa wasiojua kazi hiyo: unakaa kushoto kwa mpiga piano, umevaa vizuri, kimya. Unafuata nota kwa macho. Akikutikisia kichwa unasimama, unafunua ukurasa, unakaa. Basi. Hupigi chochote.

Kumbe Mzee Shabani alikuwa ukumbini. Ndiye aliyempunguzia kondakta suruali, wakampa kiti cha mbele.

Kesho yake Zubeda akaja dukani.

"Baba anasema wewe iko mtu wa usalama. Umevaa suti, unakaa kando ya muzungu, hauimbi, haupigi, unamuangalia mikono tu. Iko kazi gani ile?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na mimi nakuuliza, Hamisi."

Hapo nikaogopa kweli. Nilimpenda yule binti, na nikaona posa yangu inazama.

Nikapata wazo: nimpeleke mzee konseti inayofuata, amwone mtu mwingine akifanya kazi ileile. Alikubali upesi mno. Hata hilo nikalishuku.

Tukaketi. Akaingia kondakta mgeni, watu wakapiga makofi. Akaingia mpiga piano, safari hii mwanaume. Akainama, akakaa. Pale juu ya piano hapakuwa na karatasi hata moja, wala kiti cha pembeni. Jamaa alikuwa amekariri muziki wote.

Jasho likanitoka.

Mzee akaniinamia. "Ule wa kukaa kando iko wapi?"

"Leo hayupo, mzee. Huyu amekariri."

"None se, kumbe muzungu anaweza kupiga bila mtu?"

"Anaweza."

"Sasa ile siku wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikaeleza kwamba wengine hukariri, wengine husoma. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuitikia "yego, yego", kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Muziki wa siku ile siukumbuki hata kidogo.

Tulipofika kwake akasimama mpaka nikae mimi kwanza. Akanimiminia chai mwenyewe.

"Chef," akaniita, yaani bosi. Jana nilikuwa Hamisi. "Zubeda ni wako. Sina neno. Ila kijana wangu Idi... useme neno moja tu huko kwenu, wamuachie."

"Wallahi mzee, mimi nafunua karatasi tu."

"Naelewa, chef. Hapa kuta ziko na masikio."

Nikaapa tena, jasho linanitoka mbele ya Zubeda. Akaitikia tena. Iliniuma, wakuu, maana mzee wa watu alikuwa ananipa binti yake kwa hofu.

Zubeda akanisindikiza mlangoni. Yeye alikuwa ameshaniamini, alisema mtu wa usalama hawezi kutokwa na jasho namna ile. Akaninong'oneza: "Mwambie utajaribu. Baba halali."

Nikarudi ndani, nikamwambia nitajaribu.

Baada ya muda serikali ikawaachia wafungwa wengi kwa pamoja. Idi naye akiwemo, amekonda lakini mzima. Mzee akaja mbio dukani kwangu, mbele ya wateja, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa sauti. Mtaa mzima ukasikia.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa usalama rasmi. Waliokuwa wananikopa vitambaa wakaanza kununua kwingine. Nikiketi kwenye kijiwe cha kahawa, benchi linabaki langu peke yangu.

Nilichojifunza: mtu akishakushuku, hata wema unaokuangukia anauhesabu kama ushahidi. Usipoteze nguvu kueleza sana.

Waliowahi kupewa jina lisilo lao, karibuni mtuambie mlijinasua vipi. Mimi nilishindwa. Harusi yetu ilijaa kuliko zote nilizowahi kuona Biryogo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukosa. Wakala pilau, wakashiba, na hakuna aliyefungua mdomo kuzungumza mpaka tulipoondoka.