Kunde za Sho

Nyumbani kwetu, ukiacha Siakago ukishuka kuelekea Ishiara, kunde zilikuwa za aina mbili: za kuliwa na za sho. Zilitoka shamba moja, mara nyingine ganda moja, lakini mama alizitenganisha bila huruma. Za kuliwa ni zile zilizotobolewa na wadudu, zilizokunjamana, zilizopasuka wakati wa kupura. Za sho zilikuwa nono, rangi ya maziwa, zenye madoa ya kahawia. Mimi nimelelewa kwa kunde zilizokataliwa. Ukiniona sina haya mbele ya chakula, ujue nilikotoka.

Sho yenyewe ilifanyika kila mwezi wa nane, mavuno ya mvua ndefu yakishaingia ghalani, katika uwanja wa shule ya msingi. Jina lake rasmi lilikuwa maonyesho ya kilimo, lakini hata mchungaji akitangaza kanisani alisema sho. Madawati yalitolewa nje, yakapangwa kwa mstari, yakatandikwa vitambaa, na juu yake kila mtu akaweka alichojaliwa: mtama, mawele, ndengu, maboga, asali kwenye chupa. Mbuzi walifungwa nyuma ya vyoo, wameogeshwa hadi hawajijui. Bwana shamba alipita na wenzake wa lokesheni jirani, walioitwa ili kusiwe na maneno, wakishika, wakinusa, wakiuma punje kwa meno ya mbele. Nyuma yao tulifuata kijiji kizima, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Siku nyingi kabla ya hapo mama alikuwa akikaa kwenye kivuli cha ghala, uteo mapajani, na hatukuruhusiwa kumsemesha. Alichukua punje, akaigeuza, akaitazama, kisha akaiweka upande au akaitupa kwenye sufuria ya chakula cha jioni. Sisi tulikaa pembeni tukiziombea zile nzuri zikose. Siku moja ndugu yangu alimwuliza mbona tusipike hata kikombe kimoja cha zile nzuri, tuonje tu. Mama hakuinua macho.

"Hizo si chakula," alisema. "Hizo ni za sho."

Alisema kwa Kimbeere, lugha tunayozungumza nyumbani hadi leo. Nikiyaleta maneno yake kwa Kiswahili yanapoa kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kupoa.

Mpinzani wake alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Kwa muda wote ninaoukumbuka, wa kwanza kwa kunde alikuwa mama au huyo, na wa pili alikuwa yule mwingine. Watu wengine wote waligombania nafasi ya tatu. Hawakuwa maadui, lakini huwezi kusema walipendana. Kanisani walikaa pande tofauti. Sokoni walisalimiana kwa adabu iliyozidi kiasi. Na mama akisikia mvua imenyesha ng'ambo na kwetu haijafika, alikosa raha kutwa.

Ilikuwepo desturi moja iliyowaunganisha wakitaka wasitake. Kadi za washindi zikishawekwa kwenye sahani na zawadi zikishatolewa, jembe au karai, mshindi alichota viganja viwili vya mbegu zake akammiminia aliyemfuata. Haikuandikwa popote. Ilifanywa kwa mtama, kwa ndengu, kwa kila kitu kinachoota. Aliyeshindwa hakushukuru. Alikinga chombo chake na kusema, "Tutaonana mwakani," basi. Mama akishinda, alimimina mkono ukiwa juu kabisa, hata walio mbali waone. Akishindwa, alikinga kibuyu huku akiwatazama mbuzi. Nikimkumbuka mama siku hizi, simwoni akiwa kitandani mgonjwa. Namwona pale, anatazama mbuzi.

Sho ilikufa polepole. Mwaka mmoja tuliambiwa imehamishiwa mjini, iunganishwe na nyingine iwe kubwa. Mama alienda, sahani yake imefungwa kwa leso, akarudi jioni leso haijafunguliwa. Alikuwa amekuta mahema ya wauza mbolea, pampu za maji na vifaranga, na muziki unaopigwa hadi huwezi kujisikia. Kijana mmoja mwenye fulana mpya alimwambia kwa heshima, "Mathe, hapa hatununui kunde." Nilitarajia mama achemke, nami nilikuwa tayari kuchemka naye. Hakukasirika.

"Ni soko zuri," alisema. "Lakini hakuna mtu anayetazama."

Uwanja wa shule sasa ni uwanja tu. Nikipita hapo mwezi wa nane, hupunguza mwendo. Natamani yale madawati, zile kadi zilizoandikwa kwa kalamu nene, ile harufu ya mawele mapya, na watu wazima wamenyamaza kwa sababu ya sahani ya mtama. Wako watakaoniambia kwamba haikuwa kitu kikubwa. Ni kweli, haikuwa kikubwa, na ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka.

Hata mashamba yalibadilika. Ndugu yangu aling'oa karibu kila kitu akapanda muguka, miraa ya kwetu, na simlaumu, maana muguka ndio unaosomesha watoto wake. Majirani walihamia ndengu za dukani. Mama alibakiza kipande kidogo nyuma ya nyumba na akaendelea na kunde zake. Kila mwezi wa nane alichagua kama kawaida, akazipanga kwenye sahani juu ya meza yake mwenyewe, akakaa nazo kidogo. Kisha alizichanganya na jivu, akazitia kibuyuni, akaziba mdomo kwa gunzi la mahindi na kukitundika juu ya meko.

Alipofariki, watu walikuja kuliko tulivyotarajia. Wanawake wa kanisa walichukua jikoni lote mikononi mwao, nasi tukashukuru. Siku ya mazishi chakula kilielekea kupungua, na mmoja wao, mtu mwema asiye na kosa lolote, akainua macho akaona kibuyu. Hayo niliyajua baadaye. Nilichojua siku ile ni kwamba nililetewa sahani ya githeri, mahindi yaliyochemshwa na kunde, nami sina hamu ya kula, nikaonja kijiko kimoja kwa heshima, nikaimaliza yote. Kunde zilikuwa laini, tamu, zimetoa mchuzi mzito. Niliomba nyingine.

"Hii githeri ni tamu sana," nilimwambia ndugu yangu. "Kwani nani amepika?"

Akasema hata yeye anashangaa.

Mvua fupi zilipokaribia, nilirudi kutoka Embu mjini, ninakofundisha, ili nipande kile kipande cha nyuma ya nyumba. Nguo za mama zilishagawanywa, na vyombo pia, wala sikugombania hata kijiko. Nilitaka kunde zake tu. Kibuyu nilikikuta kimeoshwa vizuri, kimeinamishwa juu ya kichanja cha vyombo kikauke. Mke wa ndugu yangu aliniona nikikitazama.

"Si zilipikwa ile siku ya mazishi," alisema pole pole. "Zote."

Niliketi hapo hapo chini nikalia hadi nikaishiwa. Mazishini nilikuwa nimejikaza, mbele ya watu, lakini hili sikuliweza. Utoto wangu wote nilitamani kuonja kunde za sho. Nilikuwa nimezionja, nikazisifu, nikaomba za pili, na zilikuwa za mwisho upande wetu wa mto.

Upande wa pili sikuwa na uhakika. Nilichukua kibuyu nikavuka.

Yule mama amezeeka. Anatembea na fimbo, lakini hakuniuliza mimi ni nani. Nilimkuta uani kwake akianika mtama, akanipa kigoda, nikamweleza yote, hata ile githeri niliyoomba mara ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wamekula sho," alisema. "Wangejua, wangetafuna polepole."

"Mama, nimekuja kuomba mbegu," nikasema. "Najua zako na zake ni zile zile. Mmepeana miaka yote."

"Zile zile?" Alinikazia macho. "Zangu zilikuwa nzuri kuliko zake." Kisha akalainika kidogo. "Lakini ni za ukoo mmoja, ndiyo. Shida ni kwamba siwezi kukupa hivi hivi, mwanangu. Mbegu anapewa mtu ameshindwa. Wewe umeshindwa na nani?"

Nilidhani ananichezea, na hasira ikanipanda, kwa sababu nilikuwa nimetembea juani na mimi si mtu wa subira. Lakini alishaingia ndani. Alitoka na meza ndogo, akaitandika kitambaa, akarudi tena, akaleta sahani ya kunde. Zilikuwa nono, za madoa ya kahawia, na hazikuwa na hata moja iliyokunjamana. Nikaelewa kwamba naye, kila mwezi wa nane, alikuwa akikaa peke yake na uteo mapajani, ng'ambo hii, huku mama akifanya hivyo hivyo ng'ambo ile.

"Weka zako," akasema.

"Mama, sina. Nimekuambia."

"Weka chenye umekuja nacho."

Nikaweka kibuyu kitupu kando ya sahani yake. Aliinama akatazama, wala hakuharakisha. Alipitia kunde zake kwa kidole, akaondoa punje moja ambayo haikumridhisha. Akachukua kibuyu, akakitikisa karibu na sikio, akachungulia ndani kwa jicho moja, akakirudisha mahali pake. Hakukuwa na bwana shamba wala kadi. Tulikuwa sisi wawili na kuku waliokuwa wakiuvizia mtama, lakini sikuthubutu kukohoa, kama wakati ule tukifuata waamuzi uwanjani.

"Umeshindwa vibaya," akasema. "Mamako hangekubali." Hapo akageuka, akajifanya anatafuta fimbo yake.

Kisha akachota kwa mikono miwili, akaiinua juu kabisa, akamimina, na mara ya pili tena. Nilikinga kibuyu. Machozi yalikuwa yananilenga na sikutaka ayaone, kwa hiyo nikatafuta pa kutazama. Palikuwa na mbuzi mmoja, amefungwa nyuma ya choo. Nikamtazama huyo.

"Tutaonana mwakani," nikamwambia.

Kunde ziliota. Nimezichagua mwenyewe, kwenye kivuli cha ghala lile lile, na zilizokataliwa nikawapikia watoto wa ndugu yangu, wakalalamika. Sahani ya zile nzuri nitaivusha mto mwezi wa nane. Sijala chakula kitamu kama ile githeri ya mazishi ya mama, na ninaitamani hadi mate hunijaa mdomoni. Mkononi nina kunde zile zile, sufuria iko hapo, maji yapo, na sizipiki. Hizo si chakula.