Binti Yangu Katika Safu ya Viti

Kwa wiki sita, sehemu ya goti la binti yangu iliishi mbali naye. Daktari alikata kipande kidogo kama punje mbili za mchele, kikatiwa kwenye chupa, kikapelekwa maabara ya mji mwingine. Huko chembe zake zililishwa na kutunzwa hadi zikawa nyingi, kisha zikarudishwa Birmingham kwa gari na kupachikwa kwenye shimo lililokuwa gotini mwake. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alipoelezwa utaratibu huo, alimuuliza daktari swali moja tu.

"Zikirudi zitakuwa zimesahau mpira?"

Daktari, mama wa makamo aliyekuwa akichora kila alichosema, aliweka kalamu chini. "Hazijawahi kuujua," akasema. "Wewe ndiye utakayezifundisha."

Kazi yangu ni kuandika ripoti za zamu katika karakana ya treni huko Tyseley: behewa gani limeingia, lina kasoro gani, nani amelitengeneza, nani ametia sahihi. Nalipwa kuona. Ndiyo maana naona haya, mimi mama yake, kuandika kwamba kasoro iliyokuwa nyumbani kwangu sikuiona kwa miezi miwili.

Nilichokiona ni mlango. Tangu utotoni binti yangu alikuwa akisali nami sebuleni, bega kwa bega. Ghafla akaanza kujifungia chumbani kila sala inapofika. Nikajua ameacha kusali. Nilimkaripia mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia kwamba nguvu za kukimbia dakika tisini anazo, ila za kumwinamia Mola wake dakika tano hana.

Alasiri moja ya Jumamosi nikausukuma mlango bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kajifunika vazi lake la sala, mguu wa kulia kaunyoosha mbele kama ubao. Alikuwa anasujudu akiwa ameketi, ameinama hadi kifua kinakaribia paja. Nilingoja atoe salamu, kisha nikafunua mguu. Goti lilikuwa limevimba hata pia ya goti haionekani.

Alikuwa ametua vibaya kwenye mechi, katika uwanja ulio nyuma ya maghala ya Washwood Heath. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliozaliwa huku: "Ungenikataza mpira." Aliona afadhali nimdhanie hasali.

Picha ya hospitalini ilionyesha shimo kwenye gegedu, ile ngozi nyeupe ngumu unayoiona mwishoni mwa mfupa wa paja la kuku, inayofanya mifupa iteleze bila kusagana. Shimo lilikuwa na upana wa ukucha wa dole gumba. Daktari alisema gegedu haijiponyi yenyewe kama ngozi ikatwapo. Shimo likiachwa, litapanuka. Likizibwa, atakaa zaidi ya mwaka bila mpira, na hata hapo hakuna ahadi. Binti yangu alikubali kabla sijamaliza kufikiri.

Baada ya upasuaji wa pili, ule wa kupachika chembe, alitembea kwa magongo, na kusali akasalia kwenye kiti. Msikiti wetu uko Handsworth, nyumba mbili za matofali mekundu zilizotobolewa ukuta zikawa moja, hatua chache kutoka kituo cha basi cha Soho Road. Katika ukumbi wa wanawake kuna safu ya viti sita nyuma, karibu na kipasha joto. Ni safu ya mabibi. Siku ya kwanza nilipomketisha pale, bibi mmoja mzaliwa wa Lamu, mwenye kiti chake maalumu karibu na dirisha, alimkagua kuanzia magongo hadi usoni.

"We mtoto! Umekuja kutunyang'anya viti?"

"Nimeumia goti, Bibi," akasema binti yangu. Kwa Kiswahili. Niligeuka kuhakikisha ni yeye.

"Goti langu limekula chumvi ya miaka sabini na tatu. Lako limekula nini?"

"Mpira."

Mabibi wote watano walicheka, na kuanzia siku hiyo goti likawa lao. Kila wiki mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipima linakunjika nyuzi ngapi, nami nikaandika kwenye daftari. Lakini Bibi wa Lamu hakuhitaji daftari langu.

"Leo ngapi?" alikuwa akiuliza hata kabla ya kuitikia salamu.

"Tisini, Bibi."

"Wiki jana themanini na tano. Unatambaa! Ukila vizuri Ijumaa ijayo tutafika mia."

Tulipofika mia na kumi, tukakwama mwezi mzima. Binti yangu alilia kwenye basi, uso kwenye kioo. Bibi alipoambiwa alimwamuru ashike mkono wake, wakasimama na kuketi pamoja mara kumi, mzee akihesabu kwa sauti, akipumua kama anapanda ngazi. "Sasa tumechoka wawili," akasema. "Nenda kamwambie mwalimu wako wa mazoezi."

Katika mwezi wa kumi baada ya upasuaji huo mtaalamu alimruhusu kupiga magoti juu ya kitu laini. Ijumaa ile sala ilipokimiwa na watu wakipanga safu, binti yangu alikunja kiti chake, akakiegemeza ukutani, akaja mbele kusimama ubavuni mwangu. Tulipokwenda chini nilisikia kwanza magoti yangu yakigonga zulia, kisha lake la kushoto, kisha, polepole, la kulia. Paji lake la uso likafika. Sala ilipokwisha, nyuma yetu bibi mmoja alikuwa akipenga kamasi. Bibi wa Lamu alipiga mkongojo wake sakafuni mara moja.

"Haya! Kiti kimerudi. Tuone na huo mpira."

Akauona. Miezi mitano baadaye nilimchukua kwa gari pamoja na kiti chake hadi Washwood Heath, nikamketisha kando ya mstari akiwa na mablanketi mawili. Binti yangu aliingia dakika ya sitini. Mpira wa kwanza alinyang'anywa. Wa pili alimkimbilia beki, akakanyagia mguu wa kulia, akageuka juu yake kwa uzito wote, akatoa pasi iliyozaa bao. Sikuliona bao. Nilikuwa natazama goti. Bibi ndiye aliyeniambia, huku akipiga vigelegele hata mwamuzi akageuka.

Sasa klabu kubwa zaidi inamtaka kwa misimu miwili. Wameleta fomu, na swali la nne linauliza kama jeraha limepona kabisa: ndiyo au hapana. Nilimpelekea daktari. Alituonyesha picha mpya. Shimo limejaa, uso wake umelainika, na alitabasamu kama aliyelifunga bao yeye. Lakini hakutia alama. Alisema gegedu hiyo bado inakomaa, na kama itastahimili mpira wa kiwango kile hadi atakapokuwa mtu mzima, yeye hajui.

Binti yangu ameshajaza maswali mengine yote na kutia sahihi. Fomu iko kwenye mlango wa friji. Inatakiwa Ijumaa, na visanduku viwili vya swali la nne bado ni vyeupe.