Magugu yaliyofua gauni la ubatizo

Leo tumeng'oa sabuni tukidhani ni magugu.

Mimi, mwandishi wa gazeti, na waumini tulikuwa tukisafisha uwanja wa kanisa hapa Ruiru. Njeri, aliyekuwa abatizwe leo, akateleza akaanguka kwenye udongo mwekundu na gauni lake jeupe.

Sabuni hakuna. Kasisi hawezi kungoja, lazima afike Thika kabla ya kafyu ya usiku.

Cucu yake, yaani nyanya yake, akaenda kwenye rundo letu, akachukua ule mmea wa maua meupe, ndugu wa mwituni wa maua ya kaneshoni ya wazungu, unaochipuka kila mwaka hata tuukate vipi. Akaponda mizizi majini.

Povu likajaa karai.

"Wewe wa gazeti, utaandika baadaye. Suuza!" Cucu akaniamuru.

Nikasuuza. Doa lilitoka lote, nimelikagua mara mbili.

Njeri alifika mbele ya kasisi akiwa amelowa tayari.