Malori Sita ya Kifusi

Nimechoka, kwa hiyo mkitaka kucheka, chekeni tu. Juzi nilipewa kazi ya kukadiria kifusi kitakachotoka tukibomoa nyumba ya mzungu mmoja aliyeondoka Kakamega baada ya Uhuru. Nilipima kuta, nikazidisha vile wazungu walivyotufundisha, nikamwambia injinia wetu mpya tutahitaji malori sita.

Ukuta wa kwanza ulipoanguka, akina mama wakaja na makarai. Huyu anataka tofali za jikoni, yule vipande vya kufunika matope. Nikawaambia wabebe tu. Nilidhani watachota kidogo.

Malori yalipofika, palibaki vumbi tu. Madereva wakajilaza kivulini.

“Kifusi kiko wapi?” injinia akauliza.

“Labda kimeibwa, bwana,” nikajibu, macho makavu.

Akafuata alama za vumbi jekundu hadi nyumba za wafanyakazi, mimi nyuma nikiburuta miguu. Vumbi liliishia mlangoni kwangu. Mke wangu akatoka akitabasamu.

“Karibu, bwana mkubwa! Kanyaga hapa kwa tofali, usichafue viatu. Si Baba Nekesa mwenyewe, huyu hapa nyuma yako, alituambia tubebe tu!”