Kufuli Moja kwa Ramani Nzima

Ipo Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Tulikuwa kwenye chumba kidogo kule mtaa wa Mususa, tukitunza kompyuta iliyopokea oda za maduka ya jumla ya Butembo. Siku nyingine zote ilikwenda vizuri. Lakini Jumamosi unajua salongo: asubuhi mji mzima unasafisha mitaro, maduka yamefungwa, halafu yanafunguliwa yote kwa mpigo. Hapo ndipo ilipokuwa ikikwama, na bosi alishaapa: ikikwama tena, kazi inapelekwa Kampala na sisi tunarudi nyumbani.

Sisi watoto wa salongo tulijua dawa moja tu, kuongeza mikono. Tukaongeza prosesa, tukaongeza nyuzi za programu zinazofanya kazi kwa pamoja. Ikazidi kukwama! Mkubwa wetu pale chumbani, Paluku, akatazama, akatufokea.

"Munaongeza batu, mais mulango iko na kadena moja! Bote banangoja fungulo. Batatumika saa ngapi?"

Iliniuma, maana alisema kweli: kufuli ilikuwa moja tu. Uzi ukigusa ukurasa wa kumbukumbu ambao haujaletwa bado, husimama mpaka kiini cha mfumo, programu inayoongoza kompyuta yote, kiulete. Kiini chetu kilikuwa kikifunga ramani nzima ya kumbukumbu, ile inayoonyesha kila ukurasa uko wapi, kwa ajili ya ukurasa huo mmoja, hata kama nyuzi nyingine zilitaka kurasa za upande mwingine kabisa.

"Donc tutoshe kadena?" nikauliza, nikidhani kufuli tuiondoe kabisa.

"Hapana! Utaharibisha vitu ya batu. Kila fasi ikuwe na kadena yake."

Tukaandika upya sehemu hiyo ya kiini: kila eneo la ramani na kufuli yake, ile kubwa ichukuliwe tu ramani yenyewe inapobadilishwa. Jumamosi ikafika, maduka yakafunguliwa, oda zikamiminika. Prosesa zote zikachapa kazi!

"Inatembea! Yesu Maria, inatembea!" nilipiga kelele, na Paluku, mtu mzito yule, akacheza katikati ya chumba. Bosi akapiga simu kuuliza kama kweli maduka yamefunguliwa, mbona hakuna anayelalamika.

Basi mwanangu, kazi ikikwama usikimbilie kuongeza watu. Tazama kwanza wanasubiri nini. Kufuli usiitupe, inalinda mali ya watu. Ifanye ishike kile tu kinachoguswa. Na ukishinda, furahi kwa sauti. Mungu abariki mikono yako isikose kazi, akupe na mkubwa wa kukufokea kwa upendo.