Donatille na Picha Kavu za Bwana Rugamba

Donatille alikuwa na dharau, nayo aliitunza vizuri kama wengine wanavyotunza nguo ya Jumapili. Aliwadharau wote wanaojikausha mbele ya kamera. Miaka kumi na minane ya kupiga picha za harusi Kigali, kwanza akimshikia taa marehemu mumewe, kisha peke yake katika studio ndogo ya Muhima, ilikuwa imemwonyesha wanaume waliobana tumbo mpaka macho yakawatoka, na wake zao waliokaza midomo kana kwamba wameitwa kumtambua mwizi.

“Watu wazima wanavaa vizuri ili wafanane na makabati,” alikuwa akisema.

Yeye alipenda picha za kuiba: shangazi anayejifuta jicho kwa pindo la vazi lake la mushanana, bwana arusi anayetafuta kiatu chini ya meza. Hizo ndizo alizozipa filamu. Makabati aliyapa picha kavu. Alibonyeza kitufe cha flashi tu, mwanga ukawaka, kabati likaridhika, na ndani ya kamera hakikuingia kitu.

Julai 1992 alikuja studio mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Gahongayire, aliyetarajia kuolewa mwezi uliofuata.

“Madamu, mama yangu hana hata picha moja anayofanana na mama yangu. Akiona kamera anakuwa kama mtu anayesubiri sindano. Mimi naolewa Cyangugu, mbali. Nataka niende naye jinsi alivyo.”

“Anacheka, huyo mama?”

“Anacheka kuliko sisi wote. Ila si mbele ya baba mkubwa.”

Donatille alimwelewa baba mkubwa huyo siku ya harusi, kabla hata hajafungua mkoba wa kamera. Bwana Rugamba, mkurugenzi wa idara fulani, alikuwa kaka wa marehemu baba wa bibi arusi. Nyumba ya Gisozi aliyokaa mjane Mukarugwiza na watoto wake ilikuwa mali yake, na hakupitisha juma bila kuwakumbusha. Chini ya jua la Agosti alivaa suti nzito yenye kizibao, akachukua uongozi wa kila kitu, kamera ikiwemo.

“Madamu, hapa! Mimi na keki.” Flashi ikawaka. “Mimi na kreti za soda, watu wajue hazikupungua.” Ikawaka. Akasimama kando ya gari lake, mkono juu ya boneti kama anayempapasa fahali wake. Ikawaka pia. Kisha akamvuta Mukarugwiza kwa kiwiko. “Shemeji, simama wima! Usicheke ovyo, hii ni kumbukumbu.” Mjane akageuka ubao. Donatille akawasha, moyoni akimtukana mkurugenzi polepole, bila kuruka kitu.

Mara kumi na mbili alimpiga picha. Mara kumi na mbili filamu ililala.

Ikafika hotuba. Siku hizo, kwa sababu ya vita vya kaskazini mwa nchi, sherehe ilipaswa kwisha mapema kila mtu awahi nyumbani, lakini Rugamba hakuwa na habari na saa. Alitanguliza tumbo, akainua kidole, na kila alipotamka “maendeleo” alifumba macho kama anayeonja asali. Bibi arusi aliinamisha uso, kama desturi inavyotaka. Wageni waliinamisha zao kwa usingizi.

Ndipo Donatille akasikia kicheko nyuma ya nyumba. Akazunguka kimya.

Uani, kati ya masufuria, Mukarugwiza alikuwa amevua viatu na kupanda juu ya kreti. Alitanguliza tumbo. Mkono mmoja ulishika upawa mbele ya mdomo mithili ya kipaza sauti, mwingine uliinua kidole. “Maendeleo!” alisema kwa sauti nzito, akafumba macho. Wapishi walishikana mabega wasianguke. Naye mwenyewe kicheko kilimpasuka, meno yote nje.

Jua lilitosha, flashi haikuhitajika. Donatille alibonyeza mara tatu.

“Yesu wangu!” Mukarugwiza alimwona, akafunika mdomo kwa upawa. “Madamu, shemeji akiiona hiyo tutalala nje!”

“Ni ya mwanao peke yake. Nakuapia.”

Lakini siku ya kuchukua picha zilizosafishwa, kabla bibi arusi hajasafiri, mkurugenzi aliongozana naye na mama yake hadi Muhima, na bahasha akaitwaa yeye.

“Mimi niko wapi?”

“Flashi iligoma, Bwana Mkurugenzi.”

“Mara zote?”

“Ilichagua.”

Alipekua kwa hasira, kisha mkono wake ukasimama. Alikuwa ameifikia ile ya upawa. Mukarugwiza alitazama sakafu; Gahongayire alimshika mkono. Donatille aliona aibu kwa kiapo chake, akafikiria kuinyakua picha hiyo na kukimbia.

“Shemeji!” Rugamba alisema. “Kumbe nawe unaweza kuhutubia? Tazameni anavyosimama! Kifua mbele, kidole juu. Hivi ndivyo mtu mwenye akili anavyosimama mbele ya watu. Ila upawa ungeuweka chini.”

Mukarugwiza aliinua macho kutoka sakafuni.

“Ni kweli, shemeji,” Mukarugwiza alijibu kwa upole. “Nilifundishwa na mtu.”

“Inaonekana! Haya, Madamu, nipige na mimi, maana flashi yako imenionea. Kisha uziweke zote mbili dirishani, watu wajifunze.”

Alitanguliza tumbo. Akainua kidole. Gahongayire alikimbilia nje, kitambaa mdomoni. Safari hii Donatille alihakikisha filamu imesogea, akabonyeza mara mbili asije akakosa.

Gahongayire alikwenda Cyangugu na mama yake jinsi alivyo, ndani ya bahasha. Na dirishani Muhima, Donatille alitii agizo haraka kuliko alivyowahi kumtii mteja yeyote: mjane na upawa kushoto, mkurugenzi kulia. Wapita njia walisimama, wakatazama hii, wakatazama ile, wakashikana mabega. Rugamba akipita na gari lake alipunguza mwendo, akawapungia mkono.